Maji Vuguvugu, Dakika Kumi

Imali, katoni imefika?
Niliituma kwa basi la saa tatu kutoka Nakuru,
pakiti kumi na nne, ndani ya boksi la sabuni.
Najua utaiinua kwa mkono mmoja na kusema,
kaka yangu ameniuzia hewa.

Mna mrenda, mna saga, mna yale mapera
ya mti wa nyuma ya choo.
Hayakuanikwa kama mama alivyoanika kunde
juu ya mabati, akizipigania na kuku.
Jua hukausha kwa kukunja: jani hujikunyata,
rangi hukimbia, harufu humwendea jirani.
Mashine yetu ina subira nyingine.
Kwanza inagandisha, hadi jani lilie kama sarafu ukiligonga.
Kisha inanyonya hewa yote chumbani,
na barafu inaondoka
bila kuwa maji kwanza.
Kama mjomba Jumba siku za madeni:
hakupita sebuleni, hakuaga,
na asubuhi godoro bado lina umbo lake.

Ndiyo hiyo siri. Umbo linabaki.
Saa ishirini na nane nilikaa kwenye stuli
nikitazama mshale wa kipimo
kana kwamba ni mgonjwa wako wodini.

Sasa sikiliza, maana naijua pupa yako.
Usitie maji yanayotokota.
Vuguvugu, ya kuogeshea mtoto; jaribu kwa kiwiko.
Mimina kidogo kidogo, funika na sahani,
dakika kumi. Si tano.
Ukitoka zamu ya usiku tano zitakuwa nyingi,
kwa hiyo vua viatu kwanza.
Ndipo uinjike, na magadi kidogo kwa mrenda.
Mapera usiyaloweke. Yatafune hivyo hivyo,
yatavunjika kama chaki,
halafu mate yatakumbuka.

Kile kijifuko cheupe si chumvi! Usikipike.
Na ukifungua, funga upesi:
hewa ya Kisumu ina ziwa ndani yake,
na jani kavu haliulizi maji yanatoka wapi.

Utaona nimeandika kwa kalamu nzito,
si jina la mboga tu.
Mstari wa juu, karibu na mgomba.
Mstari wa jiwe lililovunja jembe.
Mstari wa kaburi.
Mnunuzi alitupa siku nne za kuvuna.
Si mtu mbaya; alimshikia mama ndoo.
Na bili ya baba, wewe unajua,
hakuna mashine ya kuikausha.
Kule ofisini Mbale nilidhani kutakuwa na katikati,
hata nusu saa,
ambapo udongo si wetu wala si wake.
Hapakuwa. Muhuri uligonga mara moja tu.
Babu hakuingia kwenye katoni.

Mama, hapa kwangu, hataki kuonja.
"Kitu kimekufa," anasema, "mtakifufua na birika?"
Jana usiku nilimkuta jikoni, taa imezimwa,
amefungua pakiti ya saga.
Hakutia maji. Ameingiza pua tu.
Nikarudi kitandani kimya.

Kitabu cha mashine kinasema
pakiti isiyotobolewa hukaa miaka ishirini na mitano.
Imali, usizikalishe miaka ishirini na mitano.
Kula. Mpikie yule mwenzako wa zamu,
mwambie mrenda huu ulikuwa na anwani.
Ukibakiza moja, bakiza ya mstari wa kaburi.
Hapana. Hata hiyo.
Nikija mwisho wa mwezi, chemsha maji, yaache yapoe,
tukae dakika kumi bila kusema neno
tukitazama jani likijikunjua polepole bakulini
kama mtu aliyesikia anaitwa
kutoka nyumba ya pili
na hana hakika ni yeye.