Kutoka Mbili Hadi Nane

Derby, Jumanne, saa nne asubuhi, rasharasha
isiyolowesha wala kukoma.
Sebuleni kwa Bi Hazel Orme nimevuta tepu
kutoka kwenye lenzi hadi kona ya jicho lake la kushoto:
futi sita na inchi mbili.
Nikaikuza picha mpaka kope moja ikawa nene kama chelewa,
nikaizungusha pete, nikapita, nikarudi,
nikapita tena kidogo, nikarudi nusu ya nilikopita,
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mbao.
Pale. Mistari myekundu ikawaka pembezoni mwa kope.
Nikatia alama ya penseli.

Fokasi ya otomatiki niliizima tangu wiki jana.
Ilipenda dirisha. Kila Bi Hazel alipoanza kusema
ilimwacha, ikaenda kuhesabu matone kiooni,
kama mgeni anayeongea nawe huku akitazama mlango.

Bi Hazel husema kwa mikono.
Hasikii tangu kuzaliwa. Miaka thelathini na mmoja
alishona viti vya treni kiwandani,
"na katika kelele zile," anasema,
"ni mimi peke yangu sikupata hasara."
Lorna, bintiye, ananitafsiria ubavuni
huku akimenya chungwa.

Nilirekodi dakika kumi. Tukatazama sote watatu.
Uso: safi. Hata chembe ya biskuti mdomoni ilionekana.
Nikajisifu kimoyomoyo.
Bi Hazel akatikisa kichwa,
akanyoosha kidole: mikono yake,
inchi nane tu mbele ya uso,
ilikuwa mvuke wa chai uliovaa pete ya ndoa.
Akasema, na Lorna akaliweka chungwa chini:
"Hapo ninanong'ona. Hapo nina chakula mdomoni.
Hapo sijasema kitu."

Nikajaribu kuufuata mkono. Jasho shingoni,
ukija naja, ukirudi narudi,
lakini lugha ile haingoji mtu:
nikilifikia neno limeshakwisha,
nimebaki nimeshika mahali lilipokuwa.
Na nikiukamata mkono, uso unazama,
na swali la Bi Hazel hukaa kwenye nyusi.
Nyusi zikipotea, "umekula?"
inakuwa "umekula."

Ndipo nikakumbuka: usibishane na pete, libane tundu.
Kutoka mbili nukta nane hadi nane.
Namba inapanda, tundu linajikunyata,
na ule ujia mwembamba wa picha kali,
uliokuwa hautoshi hata pua na sikio kwa pamoja,
ukapanuka ukawa baraza
la kumkalisha mtu pamoja na mikono yake.
Ila giza! Picha ikajaa chenga.

Kwetu walisema macho hayana pazia.
Kwa Bi Hazel yalikuwapo mawili, ya maua ya zambarau,
na neti nyuma yake. Tukafungua yote.
Lorna akaleta taa ya kusomea, taa ya cherehani,
taa yenye umbo la bata.

Bi Hazel akapandisha mikono ya sweta.
Akasimulia shule: jinsi Bibi Thackray
alivyowaamuru waikalie mikono yao,
viganja chini ya mapaja, watoto kumi na mmoja,
wajifunze "ba" na "pa" mbele ya mshumaa,
"pa" iuzime, "ba" iuache uwake.
Jinsi walivyosengenya kwa magoti chini ya dawati.

Sikuigusa pete.
Mikono yangu nilikuwa nimeifumbata nyuma;
nikashtuka, nikaileta mbele, mahali inapoonekana.

Vidole vyake vikaja karibu kabisa na lenzi,
kila kimoja na ukucha wake,
kovu la sindano kwenye cha shahada,
na nyuma yao nyusi zikapanda kuuliza
swali ambalo Lorna, mdomo umejaa chungwa,
hakuweza kulitafsiri,
nami nikaitika kwa kichwa.