Daftari la Karani wa Kikosi cha Saba

Mimi sikupiga risasi hata moja.
Kazi yangu ilikuwa kuhesabu:
mitungi ya hewa, betri, soksi,
na vichwa, asubuhi na jioni,
ingawa kule Yuropa asubuhi ni neno tu
tulilorithi kwa mabibi, kama sufuria
katika nyumba isiyo na jiko.

Walituita waasi.
Sisi tulijiita Wachimbaji, jina la kwenye mkataba,
mkataba uleule ambamo Kampuni iliandika
kwa herufi ndogo kama chawa
kwamba hewa tuvutayo ni mkopo,
na mtoto azaliwapo
kilio chake cha kwanza kinaingia kwenye deni.

Inkeri ndiye aliyekataa kulipa.
Hakutoa hotuba. Aliiziba mita kwa gundi ya mabomba
akaketi juu yake, akanywa supu.
Siku ya tatu tulikuwa arobaini, juu ya mita arobaini.
Siku ya kumi zikaja meli za Mirihi.

Basi tukawa jeshi, jeshi la viraka:
keekee za barafu tukazigeuza mizinga,
Biera, mpishi, akawa mkuu wa baruti
kwa kuwa ni yeye tu aliyejua kupima kwa kijiko.
Tukashuka chini ya ganda, kilomita mbili,
ambako bahari nyeusi hugonga barafu
ngo, ngo, ngo,
usiku kucha, na kucha kwenyewe hakuna.
Saywa alisema hiyo si hodi, ni moyo.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, alipenda kusema mambo kama hayo,
kisha anaazima soksi zako, harudishi.
Nimeandika: *Poma, Saywa. Soksi, jozi tatu. Bado.*

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Hawakupigana kwenye barafu.
Pale dawa ya moto ni giza: unazima taa, unazima joto,
mnalaliana kama samaki kwenye kopo,
mnapumua kwa zamu
mpaka darubini ya adui ione mwezi mtupu, apite.

Miaka miwili. Sitaisimulia yote.
Kuna ukurasa wa Kuba la Tisa,
ambako ni sisi tuliokata bomba, si wao,
na humo nako mlikuwa na wapishi.
Niliwahesabu. Hakuna aliyeniamuru.
Wapo safu ya kushoto, bila majina, mia na kumi na wawili.
Inkeri aliuona ukurasa ule, akaufunika kwa kiganja,
akauliza kama chumvi imebaki.

Sasa hesabu isiyokaa sawa.
Amani ilitiwa saini Mirihi saa nne na dakika sita.
Nuru, pamoja na mbio zake zote,
ilichukua dakika arobaini na moja kutufikia.
Saa nne na dakika ishirini
Saywa alitoka kwenye ufa namba tatu
kuziba mtungi uliokuwa ukivuja.

Aliyempiga naye alikuwa hajasikia.
Walimleta kwetu jioni, kijana mwembamba, Ilyan,
mikono haijui ikae wapi.
Akauliza: alikuwa nani?
Sikuwa na picha. Nikamfungulia daftari.
Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule:
soksi, jozi tatu, bado.
Akaketi sakafuni, akaanza kufungua viatu.
Biera alitaka kumzuia. Nikamwambia mwache.
Nikaandika: *imepokewa, jozi moja.*
Zilikuwa na joto.

Wiki hii Tume imeleta fomu.
Inauliza kila marehemu alikufa wakati gani,
wa vita au wa amani,
maana wa amani ni ajali kazini
na mama wa ajali halipwi.
Kalamu ilikaa mkononi muda mrefu.
Nje, bahari ngo, ngo.

Nimeandika: vitani.
Saa yetu ilikuwa bado haijaambiwa.