Kichwa cha Saba

Madaftari arobaini na sita,
na luku imeisha kabla sijalifikia la kumi.
Nimewasha tochi ya simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari,
kalamu nyekundu mkononi,
mbu wa Vingunguti wakinisomea sikioni.

Swali nililitunga mwenyewe, kwa uvivu:
simulia hadithi uliyohadithiwa nyumbani.
Wakaniletea joka.

Joka la mtoto wa Newala linalinda kisima.
La Ujiji linalinda ziwa zima, peke yake.
La Pemba limelala mdomoni mwa pango,
na la Ukerewe lina ndevu, sijui kwa nini.
Vichwa saba. Kila mahali saba,
hakuna aliyethubutu kuongeza wala kupunguza.
Kila mwaka linapelekewa msichana aliyepakwa mafuta,
na kila mara yupo kitinda mimba aliyedharauliwa,
mwenye kisu butu na mbwa wawili,
anayezikata ndimi na kuzitia mfukoni
ili siku ya waongo awe na ushahidi.

Nani alilibeba joka hili?
Lilipanda treni Kigoma, ndani ya kapu la migebuka?
Au kila bibi, kwake, usiku wake,
alipotaka kuitaja kiu mbele ya wajukuu
aliona haya kuiita kiu,
akaivika magamba?

Daftari la thelathini na moja. Sikudhani Mbonde.
Mwandiko umelalia upande mmoja
kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono wa kulia.

«Paukwa. Joka la kwetu ni la bomba.
Lina midomo saba na moyo wa mota.
Linaamka saa kumi alfajiri.
Ndoo shilingi mia; maji ya mtaa yakikatika, mia tatu.
Msichana anayepelekwa ni mimi.
Hakuna anayenipaka mafuta. Napewa ndoo mbili na sweta la kaka.
Mlinzi wa joka ana daftari,
deni la bibi limeingia ukurasa wa pili.
Kijana wa kisu hajafika.
Bibi anasema labda kazuiliwa njiani.
Mwalimu, samahani, sina mwisho.
Mwisho hawakunihadithia.»

Nimeandika pembeni: Hadithi haijakamilika. Funzo liko wapi?
Nimeandika, halafu mkono ukasita.

Kisima hicho nakijua.
Kiko nyuma ya machinjio, ukutani pana mchoro wa samaki.
Alikichimba baba mdogo mwaka nilioanza kidato cha kwanza.
Nilishika ngazi. Nilikula karanga juu ya kifusi.
Ada yangu, godoro la chuo, joho la kukodi,
cheti kilichopigwa muhuri na kutiwa fremu,
vyote vilitoka mle, mia baada ya mia,
noti na sarafu zikiwa na unyevu.

Walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Hawakusema lolote juu ya zimwi linalokusomesha.

Na jambo jingine.
Mabomba ni sita.
Niliyafunga mimi, likizo ya Desemba, kwa uzi na gundi.
Sikudhani kahesabu saba,
na mwalimu wa hisabati anamsifu yule binti.

Nimerudia kusoma mpaka simu imekufa.
Gizani nikaitafuna kalamu,
kama ninavyowakataza wao.

Pamekucha. Mota nimeisikia kwa mbali, ikikohoa, ikishika.
Daftari lake liko kando, halina alama;
lile neno «funzo» nimelikata mistari miwili.
Nasukutua mbele ya kioo kilichopasuka,
kwa kikombe kimoja, maji ya bure, ya nyumbani kwa baba mdogo.
Wino ulinivujia usiku.
Nautoa ulimi, nauangalia:
mwekundu,
mzima,
bado haujakatwa.