Amri ya Mama Masika

Kwanza mlango ulikataa.
Nikaandika neno la siri: silo.
Nikaanza na herufi kubwa: silo.
Ikasema imetuma namba kwenye simu,
na simu ile iliibwa Birere mwezi wa tatu.
Mama Masika akakalia bidoni,
mkoba mapajani, kama yuko foleni ya dispensari.

Nikafungua jina jipya. Likaingia.
Nikaandika ombi, mashini kimya.
Kumbe nimesahau mkwaju mwanzoni,
kale kamstari kalikoinama;
bila hako unaongea na ukuta.
Nikakaweka. Ikajibu: subiri,
mbele yako kuna watu mia tatu.

"Mia tatu? Na wote wanamtaka Kambere?"

Mwanaume wa Goma na chukudu yake, niliandika.
Ikaleta baiskeli.
Chukudu ya mbao.
Ikaleta mkokoteni na punda,
punda, hapa, juu ya mawe ya volkano!
Mara ya tatu, twiga.

"Neno lako hailijui, mama.
Tulivunjevunje. Chukudu ni nini?"

Akavua kandambili.
"Mkaratusi. Mbichi usiukubali,
ukauke miezi miwili nyuma ya jiko.
Ubao mrefu, na katikati
kipande cha ndala kuukuu, goti lisichubuke.
Mbele pembe mbili, kama za ng'ombe wa Masisi.
Magurudumu ya mbao, yavishwe tairi ya lori.
Na yanalia. Andika yanalia,
nilimtambua kwa mlio kabla ya mbwa."

"Mlio haichori, mama."

"Andika."

Nikaandika.

Ikaja. Chukudu yenyewe, na makala magunia manne,
na mtu ameinama nyuma yake.
Mama akasogea mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo.
Halafu akahesabu.
"Vidole sita."
Nikacheka: mikono huikosea kila siku.
Nikaandika vitano. Ikatii.

"Vinne," akasema. "Mkono wa kushoto.
Msumeno ulikula kimoja, mwaka wa Kavugho kuzaliwa."

Vinne, niliandika. Ikaleta vitano.
Nikalihamisha neno mwanzoni. Vitano.
Nikaandika: kidole cha shahada hakipo.
Vitano, na hicho cha shahada kimevikwa pete.

"Inamponya," akasema.
Alitazama muda mrefu.
"Iambie iache kumponya."

Sikujua amri ya namna hiyo.
Nilijaribu tatu, zote nimezisahau,
na hapo picha za bure zikaisha:
rudi kesho, ikasema, au lipa.

Akavaa kandambili zake.
"Yale maneno yangu, unaweza kuyatoa kwenye karatasi?"

Ukurasa mmoja, wino mweusi, umefifia pembeni.
Akasoma kwa midomo, polepole,
akafika kwenye mlio, akarudia.
Kisha akaomba kalamu,
akaongeza chini, kwa mkono wake: vinne.

Franga mia mbili, nikasema.
Ya karatasi.