Viti vya Jumuiya

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, umande bado,
tuliteremka Longuo kila mtu na kiti chake kichwani,
viti vya plastiki, vyeupe, vya bluu,
kimoja kimefungwa waya mguuni,
kwa sababu katibu (ndiye mimi) alitangaza:
wiki hii tunasali kwa mgeni,
na mgeni hana pa kutukalisha.

Wabiwa ana chumba kimoja nyuma ya duka la dawa.
Ana barua ya kambi yenye mihuri mitatu.
Ana Asukulu, miaka saba, ambaye moyo wake una tundu;
madaktari wa pale juu wamelisikiliza kwa masikio yao ya mpira,
wakampa tarehe.
Tarehe iko mbali. Kodi iko karibu.

Nilikuwa na daftari. Nilizaliwa nalo, husema mume wangu.
Aikande, unga kilo tano.
Mama Ndeonasia, blanketi, limefuliwa.
Mzee Eliakimu, ahadi. Huyu ni mtu wa ahadi tangu ubatizo wake.
Sufuria zilifika nne, mfuniko hata mmoja.
Mfuniko aliuleta Bi Zuwena wa nyumba ya pili,
anayeswali msikiti wa kule barabarani;
aliuweka juu ya maharage yanayochemka, akaenda zake,
nami sikujua nimwandike ukurasa upi.

Tukasali. Somo lilikuwa la yule aliyekuwa mgeni wakamkaribisha.
Tulilichagua makusudi,
tukalisoma kwa sauti ya watu waliokwisha kunywa chai.
Wabiwa aliketi karibu na mlango.
Nilipoinuka kuufunga, maana baridi ya mlima
ilikuwa inaingia bila hodi,
alinishika kanga, si kwa nguvu:
“Mama, uache. Mulango ibakie wazi.”
Nikauacha.
Tukatetemeka wote hadi Salamu Maria ya mwisho,
na hakuna aliyeuliza
ni mlango gani uliwahi kufungwa.

Matangazo. Sadaka. Wimbo, ubeti wa kwanza na wa mwisho.
“Aksanti, bamama. Aksanti, bababa.”
Halafu, kwa amani ya Kristo,
kila mtu akainua kiti chake.

Nilikuwa nimefika kwenye mfereji,
viti kumi na kimoja mbele yangu vinapanda njia
miguu imeelekea mbinguni,
nilipogeuka, sijui kwa nini, nikamwona mlangoni.
Amesimama.
Amesimama kwa sababu tulikuwa tumeondoka
na hata kile alichokalia.
Chenye waya. Kilikuwa changu.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi mbio.
Nilirudi polepole, nahesabu:
nyumbani viko vinne, nikitoa kimoja vitabaki vitatu,
na wakwe wakija Pasaka je?
Aibu nayo ina hesabu zake,
hujumlisha taratibu, bila kalamu.

Nikakiweka chini, pale pale karibu na mlango.
Sikusema neno; somo la asubuhi lilikuwa limenikaa kooni.
Nyuma yake, juu ya blanketi la Mama Ndeonasia,
mtoto alikuwa amelala,
anapumua kama mtu anayepanda kilima.

Wabiwa akakiangalia kiti. Akauchuchumalia ule mguu,
akauzungusha waya kwa kidole kama anayemfunga mtu bandeji,
akacheka, mara ya kwanza tangu aje:
“Na huyu pia iko mugonjwa.
Atangoja tarehe pamoja na Asukulu.”

Akakaa.
Kikalia kidogo, kikatulia.

Usiku nilifungua daftari nikaandika: kiti, kimoja.
Mbele yake kuna safu mbili,
*kilichotolewa* na *kilichorudishwa*,
na kalamu ikasimama katikati.
Wiki ya tatu sasa.
Mwenyekiti ameomba hesabu ziwe safi kabla ya Kwaresima.
Mstari ule bado mtupu.