Kimya, Tafadhali

Jumanne, saa moja jioni. Mvua ya Sheffield
inaanguka juu ya paa la ukumbi wa michezo
kama mchele unaopetwa ungoni,
chembe, chembe, kisha wote kwa pamoja.
Hilary, kocha, anatugawia vitambaa vya macho.
Wenye nuru kidogo na sisi tusio nayo
tunaingia giza moja.
Waliosema macho hayana pazia
hawajafika huku: huku kila jicho lina lake,
zito, jeusi (naambiwa),
linanuka jasho la wiki iliyopita.

Napiga magoti, natafuta mstari kwa vidole.
Utepe umebandikwa juu ya uzi,
na uzi umetuna
kama mshipa wa mkono wa marehemu mama.
Basi, hapa ndipo kwangu.
Kushoto yuko Gethin, aliyekuwa fundi bomba.
Kulia Jasvir, miaka kumi na saba, mdomo cherehani
mpaka refa aseme neno lake.

Na leo, kwenye benchi la watazamaji, yupo Badi.
Mume wangu. Tangu presha ya macho imalize kazi yake,
mwaka wa tatu huu,
amekuwa redio isiyozimwa:
Ngazi, Mwanakombo. Kiti. Chai kulia kwako, ya moto.
Dimbwi. Mbwa. Mbwa mwingine.
Jirani anatucheka, nawe cheka.
Hata usiku wa manane hunijulisha pazia limefunguka.
Simsemi vibaya. Aliacha zamu ya usiku kiwanda cha mikate
ili awe macho, awe macho yangu.
Lakini ukitafuniwa kila tonge
meno nayo husahau kazi.

"Kimya, tafadhali," refa anasema. "Chezeni."

Kimya gani kile!
Hata mvua kama imeonywa.
Namsikia Badi akimeza mate,
nalisikia neno lililomkwama kooni, mwiba wa samaki,
na sheria ni sheria:
mtazamaji akifungua mdomo, mchezo unasimama.

Kisha njuga.

Mtu wa upande wa pili amejipinda, ametupa,
na mpira unakuja chini chini,
mzito kama papai bichi, tumbo limejaa kengele,
chaka chaka chaka,
uko kwa Gethin,
hapana, umekata,
chakachaka, chakachaka,
na mwili huu wa miaka hamsini na miwili,
wenye magoti ya kunung'unika,
umeshajilaza ubavu kabla sijauomba.

Tu!
Mbavuni.

Nimeukumbatia. Unatikisika kifuani, njuga ya mwisho
inatafuta pa kulala.
Hakuna aliyeniambia ulikuwa wapi.
Hakuna aliyeniambia.

Tulifungwa kumi na moja kwa matatu,
msidhani nawasimulia habari za kombe.
Jasvir alitukana kwa lugha mbili.
Hilary alisema wiki ijayo tulete maji zaidi.

Kwenye basi Badi hakusema kitu.
Kituo cha kwanza, cha pili, cha tano.
Nikadhani amenuna.
Tuliposhuka, mlangoni petu, nikamsikia anavuta pumzi,
ile pumzi ya *ngazi*, naijua,
kisha akaishusha polepole bila neno ndani yake.
Mguu wangu ukaikuta ngazi.
Ukaipanda.

Ndani nikainua blauzi.
Hapa panauma, nikamwambia. Hebu nisomee.
Pana rangi gani?

Akakaa kitambo.
Kidole chake kikapita pembeni, bila kugusa katikati.
"Ukingoni zambarau," akasema.
"Katikati kama bilinganya iliyosahaulika juani.
Na duara kamili, Mwanakombo,
utafikiri mpira umetia sahihi."

Endelea, nikamwambia.
Endelea.