Vazi la Kubana

Miaka kumi na tisa nilishona soksi ndefu za wanawake
katika kiwanda cha matofali mekundu, hapa Łódź,
mashine mia mbili zikinguruma hadi ndotoni.
Kilipofungwa, nikaja hospitali na utepe wangu wa kupimia.
Wakaniambia: Bogumiła, kitambaa ni kilekile,
tofauti ni mvutano tu.

Mvutano tu!
Ukilegea, kovu linavimba litakavyo.
Ukizidi, vidole vinakufa ganzi,
vinageuka buluu kama theluji ya jioni.
Kati ya hayo mawili ndipo ninapokula mkate wangu.

Zdzisław anaingia akitanguliwa na harufu ya sigara.
Tanuri la chuma lilimtemea.
Kovu limemfunga kiwiko, limefupika,
limeuvuta mkono kifuani kama mtu anayeficha barua.
Kubana hakutoshi hapa. Daktari atalikata,
aweke kiraka cha ngozi kutoka pajani.
Kiraka. Neno langu hilo; amelichukua bila kuomba.
"Na paja?"
Paja litabaki na alama yake, bapa, rangi ya chai ya maziwa.
Kiraka hakitoki hewani, Bwana Zdzisław.
Anacheka. Nampima akicheka, ndipo misuli inapolegea.

Kalina ana miaka sita, na supu ya bitiruti
iliyomwagika mkesha wa Krismasi.
Begani kovu limenyanyuka, jekundu, linawasha,
ila limeheshimu mpaka:
halijatoka nje ya pale palipoungua.
Makovu ya namna hii huchoka yenyewe,
lakini huchoka kwa madaha, basi tunayaharakisha:
silikoni chini, vazi juu,
saa ishirini na tatu kwa siku,
moja ya kuoga na kukandwa na mama.
Mwaka. Pengine miwili.
Anataka zambarau. Hospitali inatoa kahawia hafifu.
Nimemshonea pindo la ndani kwa uzi wa zambarau;
mkaguzi wa stoo hageuzi nguo nje ndani.

Halafu Thu Hằng, binti wa wauza vitambaa wa Kivietinamu
ambao miaka yote wamenipunguzia bei ya lastiki.
Tundu moja la herini, dogo kama nukta,
na keloidi ikaota sikioni, nene kama zabibu.
Hii haijui mpaka. Ilikatwa, ikarudi,
kama mdai aliyefukuzwa mlangoni akaja na nduguze.
Sasa ni sindano kila mwezi, ndani ya kovu lenyewe
(anasema inauma kuliko kutoboa),
kisha kisu tena, kisha kibanio changu usiku.
"Litarudi?"
Sijui. Daktari naye hajui,
ila yeye hajui kwa maneno marefu zaidi.

Jioni, kwenye kioo cha tramu, najiona mimi:
mashavu yenye mashimo ya chunusi za ujana.
Makovu ya kupungukiwa; hayana kitu cha kubana.
Mpwa wangu ananihimiza leza: mwanga unaiunguza ngozi kidogo
ili ishtuke, ijijenge upya.
Niliuliza bei. Nimeacha kuuliza.
Lakini ule mstari mweupe chini ya kitovu,
alikotolewa Ignacy, ambaye hakulia,
huo sijawahi kuutafutia dawa.

Wiki saba zimepita. Zdzisław amerudi,
kiraka kimeshika, mkono unafika nusu ya njia,
na vazi, analalamika, linamnyonga kwenye kiwiko.
Nafumua mshono.
Matundu ya sindano yamebaki kwenye kitambaa, safu nzima.
Nayasugua kwa ukucha.
Baadhi yanaziba.